Shavu la Kulia la Mkwe Wangu

Juzi nilipita kwa kinyozi mmoja hapa Kabati nikaona kijana anamnyoa mtu ndevu kavu. Kavu! Hakuna maji, hakuna povu, hata mate. Simu ameibana kati ya sikio na bega, anacheka na mtu wa upande wa pili, na mkono unakwaruza koo la mwenzake kama anayemenya muhogo. Wembe wenyewe ni ule wa plastiki, wa kutupa. Nikamuuliza, huu si wa kutupa? Akanijibu kama anayemjibu nyanya yake, bila hata kugeuka, "Susu, hii bado inakata. Nitupe aje kitu inakata?"

Nilishika fremu ya mlango. Mimi nimestaafu, lakini macho yangu hayajastaafu. Ndiyo maana nimeamua kuwaambia haya, ninyi mnaofungua vinyozi kila kona na kubandika picha za wachezaji mpira ukutani.

Mimi ni Kalekye, wengi mnaniita Mama Mumbua. Nimenyoa wanaume tangu mume wangu alipofariki hadi magoti yalipokataa kusimama. Mnaniuliza kila mara: kati ya wembe wa kukunja, yaani ule wa mpini uliotumiwa na wazee, na wa kutupa, na mashine, na ile poda ya kuondoa ndevu inayonuka yai viza, ipi ni bora? Ninalo jibu. Tatizo ni kwamba jibu langu liliandikwa kwenye uso wa mtu, na mtu huyo ni mume wa binti yangu.

Mkamba akisikia hivyo tayari ameshika kichwa. Kwa mgeni nitaeleza. Kati ya mama na mume wa binti yake kuna nthoni, yaani heshima iliyochanganyika na haya. Hampeani mkono. Hamtazamani machoni. Mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia kando, kwenye miiba ikibidi, mwenzake apite. Siku hizi vijana wamelegeza, kuna hata wanaokumbatiana, Mungu awasamehe. Lakini kumshika mkwe uso? Kwa wazee wetu hilo halikuwa hata na jina, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mwendawazimu atakayelifanya.

Basi mimi nilimshika mkwe wangu uso. Nilimshika na pua.

Kwanza mjue nilivyoifahamu kazi. Nilifundishwa Mutomo na Mzee Kimanzi, aliyekuwa na kibanda karibu na hospitali ya misheni. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na kinyozi anayetetemeka hana tofauti na dereva anayesinzia. Aliniona nikimnyoa Mumbua, akiwa bado mdogo, nywele kwa wembe mtupu, mtoto amelala fofofo, akaniambia, "Wewe mama, hiyo mikono unaharibu na watoto. Kuja hapa kwangu."

Hakunipa mtu. Alinipa sikio la mbuzi kutoka kwa mchinjaji. Sikio la mbuzi ni jembamba, lina mikunjo, na manyoya yake yanalala huku na huku. "Ukinyoa hii bila kutoboa," alisema, "utanyoa hata waziri." Nilitoboa masikio mpaka mchinjaji akaanza kuuliza watu kama yule mama wa Kimanzi anafanya uchawi. Mbuzi wamenifuata maisha yangu yote, mtaona.

Wembe wa kukunja hauna kifuniko wala msamaha. Unaulaza karibu na ngozi, mgongo umeinuka kidogo tu, kiasi cha sarafu kupita chini yake. Ukiuinua zaidi unachinja. Lakini anayefanya kazi hasa ni mkono wa pili, ule usio na wembe: unavuta ngozi mpaka itulie. Ukifika mdomo wa juu, pua ya mteja ndiyo mpini wako, unaishika kwa vidole viwili na kuinua. Kabla ya yote hayo unaziloweka ndevu kwa taulo ya maji moto, unapaka povu kwa brashi, unasubiri. Halafu unafuata ndevu zinakoelekea, huzipandi kinyume. Na unasikiliza. Ndevu zilizolainika zinalia taratibu, kama mbuzi anayetafuna majani mabichi mbali kidogo. Zikianza kukwaruza, acha, rudi kwenye mkanda wa ngozi ukanoe.

Kimanzi alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Mdomo wa mteja ukifunguka, wembe unafungwa. Anayenyolewa haongei. Anayenyoa anaweza kuongea atakavyo, na mimi, jamani, nilikuwa naongea.

Nilipohamia Kabati nilikodi chumba pamoja na kinyozi mwingine, Mutinda, kila mmoja na kiti chake na kioo chake. Mutinda alikuwa mtu wa haraka. Kwake wembe wa plastiki ulikuwa maendeleo, na mimi nilikuwa jumba la makumbusho. "Mama Mumbua, ukimaliza mtu moja mimi nimemaliza market yote," alinitania. Nami nilimjibu kwamba wateja wake hurudi wakitafuta dawa ya vipele, wangu hurudi wakitafuta mimi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya soko, na ilikuwa siku ya kupokea watu wa Kibwezi, waliokuja kumposa Mumbua. Alasiri wangefika na wazee wao, nyumbani kwangu. Mumbua alikuwa akifanya kazi huko Kibwezi, ndiko walikokutana. Wiki hiyo alikuwa amenisukumia simu mkononi. "Mama, angalia picha yake basi, ata kidogo." Nikaisukuma. Nimtazame mkwe usoni, hata kwenye kioo cha simu? Nikamwambia ana adabu gani siku hizi. Na yeye kwa upande wake, nilikuja kujua baadaye, alimwambia kijana kwamba mama ana duka Kabati. Aliona haya kusema mama yake anashika wanaume videvu. Iliniuma nilipoisikia, sitaficha.

Nyumbani shemeji zangu walinifukuza jikoni, wakasema mama wa bibi harusi asichafuke moshi. Nikaenda kazini kupoteza muda.

Akaingia mtu mmoja kutoka kwenye pikipiki. Vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, ndevu kama kichaka cha mto. Kofia ya pikipiki mkononi, peke yake. Akasema tu, "Mama, unaweza nitoa hii yote? Naenda kwa wakwe." Nilicheka nikasema pole kwao, keti.

Sikumshuku, maana wageni wangu walikuwa wanakuja na gari, wazee kwa wamama. Na wanaume wanaokwenda kwa wakwe siku ya Jumamosi ni wengi kuliko mbuzi sokoni. Nilimfunika taulo ya moto, nikapaka povu, nikafungua wembe. Nikamwambia asifungue mdomo. Wake ukafungwa, wangu ukafunguka.

Nikamwambia yote. Nikamwambia hata mimi leo napokea mkwe, mkulima wa bamia na matikiti kule Kibwezi, na sijui Mumbua wangu ameona nini kwa mtu wa bamia. Nikamwambia nasikia watu wa huko wanaringa kwa sababu wana maji ya mto. Nikasema akija na kichwa kikubwa nitamrudisha na gari lake. Nilikuwa nimefika chini ya sikio la kulia wakati huo, natelemka kwenye koo. Nikasikia mwili wake umekakamaa kama mti. Macho yakamtoka. Koromeo likapanda na kushuka chini ya chuma. Nilidhani anaogopa wembe, wanaume wengi wanaogopa. Nikamchapa kofi dogo begani. "Tulia! Mwanaume mzima." Nikamshika pua, nikaiinua, nikamaliza nusu ya mdomo wa juu.

Shavu la kulia lilikuwa limekwisha, laini kama ganda la yai, simu ikalia. Shemeji yangu. "Mama Mumbua, uko wapi? Gari ya watu wa Kibwezi wameiona hapo barabarani!" Nikaosha wembe, nikamwambia Mutinda, "Nimalizie huyu," na kumwambia kijana, "Ukifika kwa mama mkwe usimtazame usoni, utapona." Nikatoka mbio na aproni mwilini.

Sikumtazama Mutinda alichofanya. Ningemtazama ningemnyang'anya. Povu lilikuwa limekauka, nilikuja kuambiwa, na hakuliongezea maji. Alichukua wembe wa plastiki uliokuwa kwenye kikombe tangu asubuhi, akaanzia kidevuni kupanda juu, kinyume cha ndevu. Kwa wembe ule wa makali mengi, chuma cha kwanza kinauvuta unywele nje, cha pili kinaukata ukiwa umevutwa, na kisiki kinarudi chini ya ngozi. Ndevu zetu zimejikunja. Kisiki kikijikuta gizani kinageuka na kuchimba ndani. Hapo ndipo vipele vinapozaliwa, wala si kwamba mteja ana damu chafu kama mnavyowadanganya.

Nyumbani wageni walikuwa wameketi chini ya turubai. Nami, kwa nthoni, nilikaa pembeni na kina mama, kitenge kimenifunika nusu ya uso, macho kwenye magoti. Sala ikaombwa na pasta wetu. Watu wakatambulishwa. Kijana akaambiwa asimame. Kioko, akaitwa. Sikuinua macho. Niliona viatu tu, na kwenye viatu vumbi jekundu.

Aliyezungumza kwa niaba yetu alikuwa Musyoka, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mtu wa mila kuanzia kofia hadi fimbo. Akasema, "Kijana, mbona unashikilia kitambaa kwa uso? Unaumwa na jino?"

"Hapana, mzee."

"Toa basi tukuone. Hatuozi mtu nusu."

Kitambaa kikatoka. Nikasikia kina mama wanavuta pumzi. Nikainua macho kabla ya kujizuia. Shavu la kushoto lilikuwa limewaka wekundu, vidoa vya damu vimekauka kuanzia taya hadi shingoni, kama aliyepita kwenye ua wa miiba. Shavu la kulia lilikuwa kazi yangu. Mtu haisahau kazi yake ya siku ile ile. Nilijiambia, Kalekye, nyamaza, hakuna anayejua ila wewe na yeye.

Lakini nilisahau kitu kimoja. Musyoka, kwa kuwa ni shemeji na hakuna nthoni kali kati yetu, nilikuwa nikimnyoa mimi. Alimsogelea kijana, akalitazama lile shavu, akapeleka kidole hadi karibu na sikio, pale ninapomalizia kwa mkato mfupi wa kulala ambao Kimanzi alinifundisha. Kisha akajishika sikio lake mwenyewe, mahali pale pale. Akageuka polepole kunitazama.

"Aiya," alisema. "Hii shavu naijua. Hata mimi niko nayo."

Kina mama niliokaa nao wakanigeukia wote.

"Kalekye. Umeshika huyu kijana uso?"

"Nimemshika."

"Na pua?"

"Na pua."

Shangazi wa Kioko akapiga yowe na kufunika uso kwa leso. Mama mmoja akasema "Yesu!" na pasta akasema "Amina," nadhani kwa mazoea. Musyoka akaketi chini kama aliyepigwa. Akasema kwa sauti ndogo, na hiyo ndogo ndiyo iliyonitisha, kwamba nthoni ikivunjwa kabla hata ya mbuzi wa kwanza wa mahari, hapo hapana ndoa, watu wanywe chai waende. Kutoka jikoni nikasikia Mumbua analia. Hakulia kwa sauti ya kutaka asikike. Alilia kama alivyolia siku tulipomzika baba yake, na mimi nikataka ardhi inimeze, maana nilikuwa nimeivunja nyumba ya mwanangu kwa vidole viwili.

Shangazi akaja juu. "Mtu wetu alikuwa ameketi tu! Aliyeshika ndiye mwenye makosa. Yeye ndiye atoe mbuzi wa kuisafisha nthoni!" Musyoka akasema tangu lini mama akatoa mbuzi kwa mkwe. Pasta akasema mambo ya mbuzi yaliisha msalabani. Musyoka akamuuliza, "Pasta, ikichinjwa utakula ama hutakula?" Pasta akafikiri. Akasema atakula.

Hapo Kioko akazungumza, akitazama chini. "Mbuzi nitatoa mimi. Mama hakujua. Mimi nilijua."

"Ulijua saa ngapi?"

"Nikiwa kwa kiti. Aliposema Mumbua, na bamia, nikajua. Lakini wembe ulikuwa kwa shingo, na alikuwa amesema nisifungue mdomo."

Nilitaka kufa. Kijana alikuwa amekaa pale akinisikiliza nikimtukana bamia yake, nikitisha kumrudisha, chuma kikiwa kooni, na bado akaja. Angeweza kupanda pikipiki na kurudi Kibwezi. Musyoka naye akaliona hilo, nilimwona akiliona. Akamuuliza, "Na bado ukakuja?"

"Nilikuja juu ya Mumbua."

Musyoka akagonga fimbo yake chini mara mbili. Mwishowe akatoa hukumu ambayo watu wa huku wanaicheka hadi leo. Mbuzi atolewe na kijana, aliwe siku hiyo hiyo, na nthoni itakuwa imefungwa tena. Lakini akainua kidole. "Hiyo mbuzi ni ya shavu ya kulia peke yake. Kushoto Kalekye hakugusa. Na asiguse."

Basi wakaoana. Mutinda nilimnyima salamu hadi harusi ilipopita, kisha nikamfundisha kunyoa kwa maji.

Ngoja niwajibu swali lenu kabla sijasahau. Wembe wa kukunja unanyoa vizuri kuliko vyote, na usiutumie. Baada ya siku ile alikuja afisa wa afya akatueleza kwamba chuma kimoja kikipita nyuso nyingi kinaweza kubeba damu ya huyu hadi kwa yule. Mimi nilikuwa nikiuchemsha na kuupangusa kwa spiriti, nikidhani nimemaliza. Nilitetemeka kuliko Kimanzi. Nikanunua mpini unaofanana na ule, ila unatiwa nusu ya kiwembe kipya kwa kila mtu, na ukitoka unatupwa. Mkono ni ule ule, sheria ni zile zile. Wa plastiki ni wa msafiri, atumie mara chache kwa maji mengi, autupe. Poda ni ya asiyetaka chuma, lakini ijaribu kwanza mkononi, na usijibu simu ikiwa usoni, itakuondolea ndevu pamoja na ngozi. Mwenye vipele mpe mashine, umwache na kivuli cha ndevu. Asiye na kivuli hana cha kujivunia akiwa na usaha.

Mwaka uliopita Kioko alianguka na pikipiki, akafungwa plasta mikono yote miwili. Nilikwenda Kibwezi kumwona. Kumwona ni neno tu: nilikaa nje, chini ya dirisha lake, tukasalimiana kupitia ukuta kama tulivyosalimiana miaka yote hii. Sikuwahi kumtazama tena usoni tangu siku ile ya turubai.

Mumbua akatoka ndani, aibu tupu. Amekuwa akimnyoa mwenyewe, kwa wembe wa plastiki. Binti wa Kalekye! Aliponieleza anavyofanya, kavu, kinyume, nilipiga kelele hadi majirani wakasimama kwenye bamia. Shingo imevimba, akasema, hawezi hata kulala ubavu. Kisha akasimama akichezea kitambaa chake.

"Mama, amenituma. Anasema shavu ya kulia ilishalipiwa."

Nilidhani masikio yangu yamezeeka. "Anasema nini?"

"Ile ya kulia. Ilishalipiwa mbuzi."

"Na ya kushoto?" nilimuuliza.

Mumbua alinyoosha mkono kuelekea uani, na nikaona, kwenye nguzo ya ua, mbuzi dume mweusi amefungwa kwa kamba mpya, anakula maganda ya tikiti bila wasiwasi wowote.

Nilijifuta macho na kitenge. Kisha nikamwambia Mumbua achemshe maji, nikatoa mpini kwenye kikapu, nikavunja kiwembe kipya katikati. Nikaingia. Alikuwa amelala chali, mikono myeupe ya plasta kifuani, macho ameyafumba kwa heshima. Nilipopaka povu la mwisho akataka kusema kitu.

"Mama, mimi nataka tu—"

"Funga mdomo," nikamwambia. "Wembe uko wazi."